Dawa Imepata Wenyewe

Wakiuru alifungua kifuniko cha jerikeni kwa meno, maana vidole vilikataa. Vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na baridi ya Juni, ile ya Nyeri inayomfuata mtu hadi ndani ya blanketi, ilivizidisha. Alikuwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili, kama mbwa anayemuuma bwanake. Kwa miaka mingi tembe za haidroksiklorokwini ndizo zilizomfunga mbwa huyo mnyororo. Daktari alikuwa amemwonya kwamba akiziacha, figo zitaharibika. Sasa mkojo wake wa asubuhi ulikuwa na povu, naye hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Mjini, Mutahi wa duka la dawa alimwona akiingia, akainamisha macho.

"Bado, Mama Ngendo."

"Hata za wiki moja?"

"Hata moja. Hii dawa yako ilikuwa ya malaria, ikakuja kusaidia lupasi. Sasa watu wamesikia ati inazuia korona. Imepata wenyewe. Nimepiga simu mpaka Murang'a, hakuna."

"Hapa kwako ni nani alichukua?"

Mutahi alipanga upya chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mzee Kingori alituma gari. Akabeba zote. Na ningemkatalia aje? Hii nyumba ya duka ni yake."

Milima ndiyo haikutani. Kingori huyo alikuwa na jumba la mawe Ruring'u, na Wakiuru ndiye aliyewafulia nguo. Watu wenye afya zao, wasio na hata kikohozi.

Siku ya kufua ilipofika, alijikaza akamaliza kuanika, kisha akasimama chini ya veranda. Tangu korona iingie hakuruhusiwa kupita hapo. Madam Waithira, mke wa Kingori, alitoka na kikombe chake.

"Madam, samahani. Zile dawa Mzee alichukua kwa Mutahi, mimi ndio huwa nazitumia. Niko na lupasi. Kama mnaweza kuniachia pakiti moja."

"Hiyo ugonjwa inafanya mtu nini?"

Wakiuru, masikini, alisema kweli. "Viungo vinauma. Nachoka sana. Na saa zingine homa."

Neno homa lilimtoka, na kazi ikatoka nalo. Madam alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Uko na homa na unashika nguo za watoto wangu?"

"Si hiyo homa, Madam. Hii nimekaa nayo miaka."

"Kila mtu anasema si hiyo. Enda upumzike, tutakuita."

"Na dawa?"

"Tuko wengi hapa, Wakiuru. Na Mzee ako na presha. Wewe uko na mwili ya kazi."

Kabla hajafika getini, alisikia nguo alizoanika zikitumbukizwa tena majini.

Majuma yakapita bila kuitwa. Miguu ilivimba hadi ikakataa viatu, na kila asubuhi uso ulimjaa. Kisha redio ikatangaza kwamba watafiti wa ng'ambo wameipima ile dawa kwa wagonjwa wengi, wakaona haisaidii chochote dhidi ya korona. Wakiuru alicheka peke yake jikoni. Watu walikuwa wanakufa, naye alifurahi, na hakuona haya. Kama haiwafai wao, si wataiachilia? Aliazima ndara kubwa za jirani akapanda Ruring'u, akipumzika kila alipopata jiwe la kukalia.

Wahome, bawabu, hakufungua geti. Alimwambia angoje, akaingia ndani, akakaa sana. Aliporudi alizungumza kwa sauti ya chini.

"Zile tembe Madam alimwaga choo jana. Alisikia zinaweza kuharibu moyo, akaogopea watoto."

"Zote?"

"Zote. Alivuta maji mara nyingi, zilikuwa zinakataa kwenda."

Wakiuru alishika vyuma vya geti.

"Lakini hajakusahau," Wahome akaendelea, akimpitishia chupa katikati ya vyuma. "Sasa wanatumia hii. Kuna mtu wa Kagio amewaambia inashinda ile. Madam amesema unywe kifuniko moja, na usiseme hawasaidiangi watu."

Ilikuwa dawa ya minyoo ya ng'ombe. Mbele ya chupa kulichorwa ng'ombe mweusi na mweupe, mnono, ananawiri.

"Chukua tu, mama. Anaangalia."

Juu, pazia la dirisha lilikuwa limesogezwa. Wakiuru aliipokea chupa kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja haukuweza kuishika. Kule dirishani Madam aliitikia kwa kichwa, ameridhika na adabu yake.