Plau la Delmar Hostetler

Jumamosi ya mwisho ya Aprili, Delmar Hostetler aliliingiza trekta lake dogo la bustani bandani, akapandisha matairi ya kushoto juu ya vipande viwili vya mti. Unene wa vipande hivyo ulilingana na kina alichotaka kulima. Shambani, matairi ya kulia hutembea ndani ya mfuo uliotangulia, kwa hiyo trekta zima huinamia kulia. Usipoliinamisha kwanza bandani, plau litakwenda upande. Likiwa limeinama hivyo, aliweka pimamaji juu ya plau, akakaza nati mpaka kiputo kikatulia katikati. Kisha akafunga minyororo kwenye matairi ya nyuma, akasugua bamba la kupindulia udongo hadi akaona kidevu chake ndani yake. Bamba lenye kutu hushika tope.

Majirani walifika na matrekta yao yamefungwa kwenye matela, kama kila mwaka, ili walime bustani ya Delmar kwa zamu na kunywa kahawa yake.

Delmar alifungua mfuo wa kwanza kuelekea uzio wa jirani yake, Lorene Pfister. Udongo ulipinduka mweusi, ukalala vizuri. Hatua kama kumi kabla ya uzio uliendelea kupinduka vilevile, ukakaa kidogo, kisha ukajigeuza na kurudi ulikotoka, nyasi juu, kama mtu anayegeuka kitandani.

Wendell Krug, mmoja wa majirani, aliinama akautazama.

"Kisahani chako cha kukatia nyasi kiko juu mno," alisema. "Hakikati mizizi. Nyasi ndizo zinazouvuta udongo."

Delmar akakishusha kisahani. Mfuo wa pili ulikatika kwa unadhifu zaidi, na ulipofika palepale ukarudi.

"Basi ni mwendo. Unaendesha kama umepakia mayai."

"Lete lako tulione, Wendell," alisema mmoja. "Au leo mkeo hakukupa ufunguo?"

Wakacheka. Wendell akaleta lake, ambalo kweli lilikuwa la mkewe, akalima kwa kasi. Udongo wake ulirudi kwa kasi pia. Wakaongeza vyuma vya uzito nyuma, wakapunguza upepo wa matairi, wakarefusha fimbo ya juu inayounga plau na trekta, wakaifupisha. Kila walichofanya kililiboresha plau, na wote walikubaliana kwamba hawajawahi kuona mifuo mizuri kama hiyo ikirudi.

Saa nne Lorene alizunguka uzio akiwa na pai ya tufaha, kama kila mwaka. Alisimama akaitazama mifuo. Katika kila mmoja, udongo ulianzia kurudi mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa pamenyooka kama pamepigwa kamba, toka barabarani hadi kijitoni. Aliingia bandani kuiweka pai mezani, akatoka na vipande viwili vya mti mikononi. Kimoja kilikuwa na alama tatu za shoka ubavuni.

"Delmar, hii ni nguzo ya kona ya baba."

"Ni mti mgumu tu, Lorene. Hauozi."

"Baba alizichonga alama hizi mimi nikiwa nimeishika nguzo."

Wote pale walikuwa na umri wa kuikumbuka habari hiyo. Wiki ya maonyesho ya wilaya, familia ya Pfister ilipokuwa mjini na ndama wao, uzio ulisogea. Orrin Pfister, baba yake Lorene, alisema umesogezwa. Baba yake Delmar, mzee wa kanisa, alisimama mbele ya waumini akaapa kwamba haukusogezwa, na Orrin akaambiwa aache kumchafua mwenzake. Hakurudi kanisani tena. Alipokufa, jeneza lake lilibebwa na vibarua wa kampuni ya mazishi. Delmar alikuwa kijana wakati uzio uliposogezwa. Aliliona shimo la nguzo likifukiwa, na baba yake alipofariki, ni yeye aliyeikuta nguzo nyuma ya banda akaikata vipande.

"Sitaki ardhi," Lorene alisema. "Nina miaka sabini na tatu, ardhi nitaipeleka wapi? Nataka useme mbele ya hawa kwamba Orrin Pfister hakuwa mwongo. Neno hilo tu, nami nitakwenda zangu."

Wanaume walitazama ndani ya vikombe vyao. Delmar alichukua spana, akapiga magoti nyuma ya trekta, akakaza nati iliyokuwa imekwisha kazwa.

"Plau bado halijakaa sawa," alisema.

"Fimbo ya juu," Wendell alisema upesi. "Ijaribu tena fimbo ya juu."

Lorene alivirudisha vipande vya mti bandani, akavipanga vilipokuwa, akaenda kwao.

Mchana walipata njia. Kila aliyelima alilinyanyua plau alipofika pale udongo unapoanzia kurudi, akageuza. Hakuna aliyepataja mahali hapo kwa jina. Jioni bustani ilikuwa imeishia kwenye mpaka ulionyooka kuliko uzio, na kati ya mpaka na uzio paliachwa majani. Delmar huyafyeka kila wiki. Ukanda huo unakubali kufyekwa.

Aprili iliyofuata aliviweka tena vipande chini ya matairi ya kushoto. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, hakukiona kiputo. Lorene alikuwa amesimama mlangoni na pai.

"Nitazamie, Lorene. Kiko wapi?"

Aliiweka pai chini, akainama, akatazama kwa makini.

"Katikati," alisema. "Plau liko sawa, Delmar. Hata mwaka jana lilikuwa sawa."

Delmar alishukuru, akapanda, akaenda kulima. Alipofika kwenye mpaka wa Orrin alilinyanyua plau, kama wengine wote, akageuza.