Kitu cha Kuonyesha Darasani

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akanipamba baadaye. Mama yangu, ambaye huuza vitenge ng'ambo ya mpaka na kubishana na watu wa forodha pale Kavimvira bila kupepesa jicho, husema hajui woga huu niliurithi kwa nani. Lakini hata yeye, asubuhi ile aliponiona nikifunga ganda la risasi ndani ya leso, alishtuka.

"Capitoline, weye umepata wazimu? Tupa hiyo kitu mu choo!"

Sikulitupa. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliitwa Monsieur Sumaili.

Monsieur Sumaili ndiye aliyetufundisha, katika taasisi ya ualimu, namna ya kufundisha historia. Siku hiyo angekaa nyuma ya darasa kusikiliza somo langu la mwisho la majaribio. Nikifaulu, napata licence yangu, naweza kufundisha historia na elimu ya jamii. Nikianguka, narudia mwaka mzima, na mama alikwisha kuwatangazia wanawake wote wa soko la mpakani kwamba mtoto wake ni mwalimu. Basi, Monsieur Sumaili ana sheria moja asiyoisamehe: mwalimu haingii darasani mikono mitupu, bila kitu cha kuonyesha, matériel kama anavyokiita. Ukifundisha kilimo, leta hindi. Ukifundisha ziwa, leta maji kwenye chupa. Mimi nilipewa somo la jinsi uasi wa mwaka 1964 ulivyofika hapa kwetu Uvira. Ningeleta nini? Nilikuwa nafagia uani, baada ya ile wiki ya milio ya bunduki mjini, ufagio ukagonga ganda la risasi. Nikaona Mungu amenihurumia.

Sikuishia hapo. Niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja alete kitu kinachoonyesha kwamba vita vilipita mji huu. Atakayeleta, pointi kumi. Nilitegemea picha za babu, sufuria zilizotoboka, labda kitambulisho cha zamani. Nilijiona hodari kweli.

Ayoubu, dereva wa pikipiki anayenipeleka kila siku, alipunguza mwendo kabla ya daraja. Palikuwa na kamba imefungwa katikati ya barabara, na mawe. Jana yake haikuwepo.

"Dada, usiseme mingi," alinong'ona. Aliniambia hivyo kwa kuwa ananijua.

Alikuja mwanaume mwenye kofia ya sufu, bunduki begani. Alikuwa wa upande gani, sijui. Kwetu wenye bunduki hubadilika, na kuuliza si kazi ya mtu mwenye akili. Aliingiza mkono kwenye begi langu. Akatoa chaki, akatoa chapati yangu, akatoa leso. Akaifungua.

"Hii iko nini?"

Ndilo swali nililokuwa nimewaandalia wanafunzi, neno kwa neno.

"Ganda ya risasi, chef."

"Miye najua. Unapelekea nani?"

"Batoto, chef. Niko stagiaire, mwalimu wa majaribio, niko nafundisha histoire. Ni ya kuonyesha mu klasi."

Aliwageukia wenzake. "Eti anaenda kuonyesha batoto ya Uvira risasi!" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. "Shuka. Kama weye uko mwalimu, fundisha. Hapa."

Nilishuka nikiwa nimeshika bega la Ayoubu. Nikafundisha, mbele ya kamba na mawe, kwa sauti ya mbuzi aliyefungwa. Nilisema kwamba mwaka 1964 waasi waliingia mji huu. Neno "waasi" lilipotoka tu, nikaitazama bunduki yake. Nilikuwa namwambia nani neno lile?

"Yaani, batu waliochukua silaha," nikarekebisha haraka.

Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. "Na siye?" aliuliza polepole. "Siye, mutatufundisha namna gani?"

Nilitafuta jibu kichwa kizima. La kumsifu, nilijua lingewafikia wenye bunduki wengine kesho. La kumlaumu, kesho nisingeiona. Nikaambulia jibu la ofisini, na kwa bahati lilikuwa kweli.

"Chef, programme ya masomo haijafika pale."

Kisha akalitia ganda langu mfukoni mwa shati lake. "Kwenda. Batoto ya hapa hawana haja ya kuonyeshwa hii."

Nilifika shuleni nimechelewa. Monsieur Sumaili alikuwa ameshakaa nyuma, faili magotini, akitazama saa yake ili nimwone anavyoitazama. Niliandika kichwa cha somo ubaoni, herufi zikapanda na kushuka kama zimelewa. Nilipogeuka, alikuwa ananitazama mikono.

"Matériel iko wapi?"

Ndipo nilipoikumbuka kazi ya nyumbani, nikaishika kama mtu anayezama anavyoshika mtumbwi.

"Wanafunzi, nani amefanya kazi niliyowapa?"

Mikono ikainuka yote. Nilifurahi, kusema kweli nilifurahi. Upendo wa benchi ya mbele alifungua kisanduku chake cha kalamu, akaja kuweka juu ya meza yangu ganda la risasi. Nyuma yake akaja mwingine na maganda mawili. Kisha mwingine, na mwingine, chuma kikilia juu ya mbao. Hakuna picha iliyokuja, wala sufuria. Mmoja alileta kipande cha chuma kilichong'olewa mlangoni kwao. Jirani yake akasema chake kilitolewa kwenye paja la shangazi, hospitalini kule Lemera, na kwamba shangazi anakiomba kirudi. Meza ilijaa. Monsieur Sumaili alikuwa ameacha kuandika.

Nikamwona Divine, nyuma, karibu na dirisha. Mkono mmoja bado juu, mwingine ndani ya begi lililokuwa mapajani.

"Divine, lete na wewe."

"Madame, naogopa kuitoa."

"Ni nini?"

"Iko ya mviringo. Iko na kapete. Kapete iko nalegea."

Guruneti. Mlango ulikuwa karibu nami, Divine alikuwa mbali. Niliutazama mlango, na sitaki kudanganya, niliutazama vizuri. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, kwa upole ambao sijui ilikoutoa: "Benchi ya mbele, tokeni. Hakuna kukimbia. Haya, ya pili."

Monsieur Sumaili alisimama. Nilidhani atatangulia kutoka. Faili likamwanguka, hakuliokota. Alikwenda kusimama mlangoni, akawa anawagusa watoto kichwani mmoja mmoja wanapopita, mpaka wa mwisho.

Nilipiga magoti mbele ya Divine, nikaingiza mkono wangu begini, juu ya wake. Chuma kilikuwa cha moto kwa jinsi alivyokikumbatia. Pini ilikuwa bado imo, imetoka nusu. Niliisukuma kwa kidole gumba huku nikimwomba Mungu na watakatifu wote niliowajua, na wengine nikawabuni. Tukalishusha lile begi chini pamoja, kama tunamlaza mtoto aliyebembelezwa muda mrefu. Tukatoka kwa kutembea.

Walioitwa ni wale wa kwenye kamba, kwa kuwa ndio waliokuwa karibu. Kofia ya sufu ikaingia darasani, ikatoka, guruneti ikiwa ndani ya ngumi yake. Alisimama mbele ya watoto uwanjani.

"Nani alisema balete bintu kama hii?"

Watoto wote walitazama chini. Hakuna aliyeninyooshea kidole, hata Upendo, anayesema kila kitu.

"Ni miye," nilisema.

Alinitambua. Nilingoja bunduki ishuke begani. Haikushuka.

"Mwalimu," akasema, "programme imefika." Akaenda zake.

Monsieur Sumaili alikuja kando yangu, shati limemganda mwilini. "Utarudia somo Jumatatu," alisema. "Ukuje mikono mitupu. Nakuomba."

Ningekaa chini nikalia, kama Divine asingenivuta sketi.

"Madame, itarudi?"

"Nini?"

"Ile kitu. Ni ya kaka Luc. Hajue kama niliibeba."

"Luc iko wapi?"

"Iko nalala. Akiamuka anatazamaka kwanza chini ya kitanda."

Woga ulinirudia, na safari hii ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwenye kamba na ule wa darasani, kwa kuwa ulikuwa na nyumba, na kitanda, na mtoto wa kurudi humo. Nilimwita Ayoubu. Nilimpandisha Divine katikati, nikakaa nyuma yake, mikono nimeizungusha kiunoni mwake.

"Tunaenda wapi, dada?" Ayoubu aliuliza.

"Kwa kina Divine. Nitaongea na kaka yake."

Ayoubu aligeuka kunitazama. Akawasha pikipiki.

Njiani Divine aliniuliza kama pointi zake kumi bado zipo. Nilimwambia zipo.