Mtoto Asiyesumbua

Mtoto wa Shiko alikuwa na sifa ploti nzima. Wiki sita pale mtaani Karagita, kwenye vyumba vya mabati ambavyo jirani akipiga chafya unamwambia pole, na hakuna aliyewahi kusikia kilio chake. Majirani walimsifia adabu. Mchungaji akasema huyo ni mtoto wa amani. Kwamba amani yenyewe ilikuwa inakonda, hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Lilimkosesha Shiko. Kila akimnyonyesha, Kahiga mdogo alivuta mara mbili, maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo, akapaliwa, akalala. Ukimbeba alilegea kama nguo mbichi. Kliniki walimpima, uzito ukawa umeshuka tena.

Mama mkwe, Rahab, aliyeshuka kutoka Olenguruone na sufuria yake, alikuwa na jibu tayari: maziwa ya Shiko ni mepesi, dawa ni njahi, maharagwe meusi ya kuongeza maziwa. Shiko akala njahi asubuhi, mchana na jioni, hadi maziwa yakawa yanamlowesha blauzi. Mtoto, kwa adabu zake zote, akaendelea kukonda. Rahab akaongeza njahi.

Siku Shiko aliposhindwa kuvumilia alienda hospitali, Rahab nyuma yake na njahi moto ndani ya hotpoti. Muuguzi, Cherop, alimwinua Kahiga, akaona kichwa kinavyoanguka, akamtia kidole kinywani.

"Mama, maziwa yako hayana shida," akasema. "Misuli yake ndiyo imelegea. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja kunamshinda."

Shiko alitaka kucheka, akajikuta analia. Rahab akaisukuma hotpoti chini ya benchi.

Cherop aliwaandikia barua ya kumwona daktari wa watoto, kisha akawaonyesha: mtoto akae wima kidogo, kidevu na mashavu yashikiliwe kwa vidole, akichoka apumzishwe. Mikono ya Shiko ilikuwa miwili tu, kwa hivyo kidevu kikawa kazi ya Rahab. Kila mlo bingwa wa njahi alipiga magoti, vidole kidevuni.

"Nilikulisha bure," alisema siku moja, bila kuinua macho.

Wiki ya tatu ya kulishwa hivyo, Rahab alichelewa kunawa mikono. Kahiga akalia, kwa sauti, mara ya kwanza. Jirani akagonga ukuta, akauliza mtoto mwenye adabu amepatwa na nini.

"Ana njaa," Rahab akamjibu, akikimbilia kitandani.

"Ngoja kidogo, mama," Shiko akasema. "Tumsikie."