Jasho la Lucien Majanini

Kapinga alikuwa akisonga bukari, ugali wa watu wa kilio, nyumbani kwake Bel-Air, Lubumbashi, wakati Ngosa alipoingia uani na beseni lenye udongo. Ngosa alikuwa akichimba shaba huko Kambove pamoja na Lucien, mwana wa Kapinga. Shimo lilikuwa limemwangukia Lucien, na kampuni yenye eneo hilo ikaleta mashine, ikalifukia bila kumtafuta. Mwili usipopatikana, familia huzika udongo wa mahali mtu alipofia. Ngosa aliuchota mdomoni mwa shimo, akaupakata njia nzima, asiuweke sakafuni mwa gari.

Katikati ya udongo huo ulisimama mmea wa ua la shaba, ule unaoota pale nyasi zinapokataa.

"Musamaha, mama," Ngosa alisema. "Muzizi mukubwa ulikatika, ukabakia mule ndani."

Asubuhi, kabla ya kwenda makaburini, Kapinga aliona matone kwenye ncha za majani. Hakuna aliyekuwa ameumwagilia mmea ule. Alionja tone moja. Lilikuwa vuguvugu, la chumvi. Utotoni, kila Lucien alipopata homa, Kapinga alikuwa akimbusu kwenye paji la uso, kwa hiyo hakuhitaji kuonja la pili.

"Hatuziki," aliwaambia waliokuja na majembe. "Lucien iko natoka jasho."

Majembe yakaegemezwa ukutani.

Akaitwa jirani yao, Prof Adalbert, aliyefundisha biolojia shuleni. Naye alionja. Alieleza kwamba ndani ya shina mna njia mbili: moja hupandisha maji kutoka mizizini, pamoja na yote yaliyomo majini, nyingine hushusha chakula ambacho majani yamekipika kwa jua. Kukatika kwa mzizi si kitu, alisema. Mmea hausahau mzizi wake.

"Njo kusema Lucien anaweza kula kule chini?" akauliza Chancelvie, mke wa Lucien.

"Kama kuko jua, anakula. Sukari ya majani."

"Sukari! Na ye alikuwa anakatalaka hata chai ya sukari yangu!" Chancelvie alicheka, kisha akajifunika uso kwa kitenge.

Tangu siku hiyo, waliokuja kulia walibaki kulisha. Walipokezana beseni, wakilihamisha kila kivuli kilipolifikia. Delphine wa nyumba ya pili alikata tawi la mparachichi wake lililoziba jua la jioni, wala hakuombwa. Baada ya siku ya jua kali, jasho la asubuhi lilikuwa zito: Lucien alikuwa ameshiba, anachimba. Baada ya siku ya mawingu lilikuwa jepesi, na watu walisema amejilaza.

Mvua za Novemba zilikuwa zinakaribia. Kapinga alipakata beseni, akapanda teksi hadi ofisi ya kampuni, mjini kati. Bwana mmoja wa shati safi alimpokea vizuri, akamletea maji ya kunywa, akaonja tone.

"Ni jasho ya muntu, mama. Siwezi kukatala."

"Basi muchimbe, mwanangu. Mvua ikianza, atakula nini?"

"Ile shimo ilishafungwa. Na mashini iko na kazi fasi ingine."

Alimbebea beseni mwenyewe hadi barabarani, akamsimamishia teksi.

Mvua ilianza. Wingu lilikaa juu ya Lubumbashi, halikuondoka. Wanawake wa kilio walileta taa zao za sola, wakazielekeza kwenye mmea. Prof Adalbert alisema ni afadhali kuliko giza. Jasho likapungua. Halafu, asubuhi moja, matone yalikuwa ya baridi. Kapinga alionja jani moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

"Ni maji," alisema.

Chancelvie alikaa chini akaanza kufumua nywele zake, kama afanyavyo mjane, na Delphine akaja kumsaidia upande wa nyuma.

Walizika udongo mchana, na mmea wake, mvua ikinyesha. Jioni dereva wa kampuni alileta shada la maua ya plastiki. Kapinga alilipokea kwa mikono miwili, maana dereva hakuwa na kosa, akampa kiti na bukari yenye moto. Dereva alikula haraka, akashukuru, akaomba msamaha kwamba hataweza kukaa kilioni. Ndani ya gari lake, nyuma, kulikuwa na mashada mengine.