Miche ya Mteremkoni

Shamba langu hapa Elburgon limeinama kama paa. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unateremka mtoni, viazi vinabaki uchi. Kwa hivyo serikali ilipoleta mpango wa kuhifadhi udongo, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Ukipanda miti kwenye mteremko, afisa akaja akaona imesimama, unapewa mbegu ya viazi na mbolea ya dukani, fatalaisa.

Miche nilipewa. Shida ikawa mkono wa kuipanda. Kwetu sisi tuliohamia huku kutoka Bungoma, mwanamke hapandi mti, kwa sababu mti ni alama ya mwenye ardhi. Nikamwomba Sitati, ndugu ya marehemu mume wangu, aje anipandie. Akasema kesho. Jumapili nikamkumbusha nje ya kanisa, akasema tena kesho. Miche ikaanza kunyauka.

Afisa alipopiga simu kwamba anakuja Ijumaa, nilisali, nikashika jembe, nikapanda mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nikamkuta Sitati shambani. Alikuwa ameing'oa yote na kuilaza kando kama vitunguu.

"Mama Naliaka, unatuletea nini? Mwanamke akipanda mti, mumewe anakufa!"

"Mume wangu tulishamzika, shemeji. Hii itamuua nani tena?"

Akakanyaga ndani ya shimo la kwanza. "Kesho utasema shamba ni lako."

"Kwani ni la nani?"

Hapo pikipiki ikamleta afisa, msichana mpole anaitwa Becky. Akatazama mashimo matupu.

"Mathe, natakiwa nipige picha ya miti. Sasa hapa nipige picha ya nini?"

"Miti si ile pale? Imeng'olewa sasa hivi, hata mizizi haijakauka."

"Naiona. Lakini sisi hatuingilii mambo ya familia. Mkielewana, mtangojea mpango mwingine."

Sitati akakohoa. "Madam, wewe andika jina langu tu. Naipanda leo leo, jioni unapata picha yako."

Becky akanigeukia. "Hata hiyo inawezekana, mathe. Ukikubali, mbegu inakuja."

Mungu anajua nilivyoitaka hiyo mbegu. Yangu ya nyumbani imeshikwa na ugonjwa wa mnyauko, na wenzangu wameshaanza kulima. Lakini jina lake likiandikwa, mimi nitakuwa kibarua kwenye shamba nililolima na mume wangu mpaka akafa.

"Sikubali," nikasema.

Becky akashusha pumzi, akapanda pikipiki, akaenda. Nilikasirika. Msaada unaitwa wa mkulima, kumbe mkulima ni yule anayekubaliwa na shemeji yake.

Nikaokota mche wa kwanza.

"Sasa unafanya nini?" Sitati akacheka. "Fatalaisa imeshaenda!"

"Imeenda. Udongo bado uko. Toa mguu kwenye shimo, shemeji."

Alisimama hapo kwanza, anaangalia barabarani kama kuna mtu wa kumsaidia. Kisha akautoa.