Sukari ya Siku ya Kupimwa

Wengine wanafunga kwa ajili ya Mungu. Mudogo yangu Djamali alifunga kwa ajili ya mashini ya kupima sukari.

Kila alipoitwa hospitali ya Kasongo kupimwa, siku mbili mbele ya kwenda hali kitu. Anakunywa maji ya majani machungu, anapanda pikipiki hapa kwetu Kabambare midomo imekauka, anafika kule na kunyoosha kidole. Munganga Octave anamutoboa, anaangalia, anafurahi: "Djamali, wewe ndiye mugonjwa wangu muzuri!" Na huyo mugonjwa muzuri, akirudi nyumbani, matanga ya kwanza tu anakaa karibu na birika. Chai ya matanga kwetu ni sukari tupu, na kuikataa ni kuwatukana wafiwa. Mimi mukubwa wake nilimuambia aombe isiyo na sukari. Akanijibu, "Yaya, unataka waseme niko na kiburi?" Kiburi! Sikio la kufa halisikii dawa, wallahi.

Octave alipoona sukari iko chini kila mara, akamupunguzia dawa. Sasa nimulaumu nani? Alifuata kile alichoonyeshwa.

Halafu kidole cha muguu wa kushoto kikawa cheusi. Djamali anauzia wachimbaji wa Lusangi chumvi na sabuni. Pahali pikipiki inashindwa, anabeba muzigo mugongoni na kutembea. Bila miguu hana kazi. Akasema ni kiatu kimemubana. Kidonda kilipoanza kunuka, nikamupandisha pikipiki kwa nguvu, siku ileile, akiwa ameshiba wali wake.

Sukari ilikuwa juu sana. Octave akaduwaa, akatuma damu labo. Alirudi na uso mwingine, akatueleza polepole: ndani ya damu iko chembe ndogo, zinaitwa plakete, ndizo zinaziba kidonda kisivuje. Za Djamali zilikuwa kubwa kupita kawaida.

"Zenyewe peke yake hazitoshi kunijibu," akasema. "Lakini kwa mutu wa sukari, zikiwa kubwa hivi, mara mingi sukari imekaa juu muda murefu. Na hizo kubwa zinashikana upesi, zinaweza kuziba mishipa. Djamali, ulikuwa unanifanya nini?"

Djamali akageukia ukuta. Mimi ndiye niliyesema yote, kwa hasira, mbele ya wagonjwa wengine. Octave akakaa, akashika kichwa. "Na mimi nilikuwa ninamupunguzia dawa," akasema. Kuoza kulikuwa kumepanda sana: muguu wa kushoto utakatwa kesho yake, juu ya goti.

Jioni nikakaa kitandani kwake. Hasira ilikuwa imekwisha, imebaki huruma tu. Eti yeye ndiye aliyenituliza! Akaanza kupanga: atatafuta gongo la kutembelea, atauza palepale sokoni Kabambare, vijana watapeleka muzigo Lusangi.

"Mutu wa muguu moja anaishi, yaya. Nimebakiwa na wa kulia. Ebu unisugulie huo, nalala vibaya."

Akafunga macho. Nikauweka mapajani mwangu. Ulikuwa baridi kama jiwe la mutoni. Nikausugua kwa mikono miwili. Nikaanza kufinya vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu, mpaka kucha zangu zikaacha alama. Ya Rabi, nilifinya mpaka machozi yakanitoka.

"Yaya," akasema, macho bado yamefungwa, "unangoja nini? Anza basi."