Mstari wa Manase

Nyuma ya daftari langu la vipimo nimewapanga wafalme wa Israeli na Yuda: jina, alianzaje na Mungu, alimalizaje. Sikusomea mambo hayo. Nasoma kidogo kidogo adhuhuri, wateja wakipungua, kwa kuwa kwenye chumba changu cha kushonea hakuna wa kuzungumza naye.

Sulemani aliomba hekima, akamaliza akiinamia miungu ya wake zake. Yehu alibomoa nyumba ya Baali, lakini ndama wa dhahabu akawaacha wasimame. Manase alijaza mji damu isiyo na hatia. Kwenye mstari wake niliandika: hakurudi.

Jumatatu barua ilifika kutoka gerezani. "Kaka, natoka Ijumaa. Nguo nilizoingia nazo zimeoza. Nishonee suruali, uniletee getini mwenyewe. Usipokuja nitaelewa, wala sitapita kwako tena."

Ni mdogo wangu. Miaka sita iliyopita alimchoma jirani kisu. Yule jirani anatembelea mkongojo hadi leo. Sikuwahi kwenda kumwona mdogo wangu hata mara moja.

Barua niliibana chini ya mkasi. Jumanne akaja mama anayeuza vifungo duka la pili.

"Fundi, wafalme wamefika wapi?"

"Kwa Manase."

"Naye umemfelisha?"

"Simfelishi mtu, mama. Naandika alivyomaliza."

"Si alifungwa, akaomba, Mungu akamsikiliza?"

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Hicho unachosoma hakisemi. Kile cha mbele yake kinazirudia habari hizohizo na kuongeza."

"Sijakifikia. Naenda kwa mpangilio."

"Haya, baba mpangilio." Akaitazama barua. "Na hiyo nayo iko kwenye foleni?"

Alipoondoka niliruka kurasa, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kweli, habari ilikuwepo: pingu, nchi ya ugeni, mtu anayenyenyekea katika shida yake, kisha anarudishwa kwao. Kwa nini kitabu kimoja kinyamaze na kingine kiseme, sijui. Waliouawa hawakufufuka. Lile neno hakurudi sikulifuta, ila pembeni yake niliandika: nilisoma nusu.

Kisha nikafungua kurasa za mbele za daftari, nikatafuta vipimo vya mdogo wangu. Kiuno, paja, urefu. Vyote vya miaka sita nyuma. Nilikata kitambaa kwa vipimo hivyo, nikaacha vidole vitatu vya ziada kila mshono, nikashikiza kwa bandi tu, uzi unaofumuka ukiuvuta.

Ijumaa asubuhi nilisimama getini na mfuko wangu. Mlango mdogo ukafunguliwa, akatoka mzee mwembamba mwenye mvi. Nilimtambua kwa mwendo.

"Umenenepa, kaka."

"Wewe umekwisha."

"Mpishi wa humu hajui chumvi."

Nikampa suruali, akaivaa juu ya kaptura yake, ukutani palepale. Ilimwagikia miguuni. Akaligeuzageuza pindo, akaona uzi mweupe.

"Hukuimalizia."

"Sikuwa na kipimo chako."

Nikapiga goti vumbini, pini mdomoni, nikamzungushia futi kiunoni. Mbavu zake zilipanda na kushuka karibu na uso wangu. Nilisoma namba, nikaisahau, nikapima tena.

"Taratibu, kaka," alisema. "Siendi popote."